Fundi wa Kibuye Anayeshonea Miguu Isiyosikia

Saa mbili na nusu asubuhi, Rahab Nduta amepiga magoti. Mbele yake, kwenye kigoda cha mbao, ameketi mwanamume mnene aliyefika kutoka Maseno. Amekunja suruali hadi magotini na kuweka mguu wa kulia juu ya kipande cha katoni. Rahab anazungusha penseli kuufuata mguu huo bila haraka, kisigino, ukingo wa nje, kisha kidole baada ya kidole.

Akimaliza anachukua makasi, anakata mchoro na kuuingiza ndani ya kiatu alichokuja nacho mteja. Katoni inagoma. Anaisukuma kwa kidole gumba, nayo inajikunja pande zote mbili kama chapati.

"Ona, Baba," anasema akimwinulia kiatu. "Hii ndio mguu yako. Na hii ndio nyumba umeipea."

"Lakini mimi nasikia iko sawa kabisa," mteja anajitetea. "Haifinyi hata kidogo."

"Haifinyi kwa sababu mguu haisikii."

Mzee anakitazama kiatu chake cheusi, kilichopigwa rangi kikang'aa, kama mtu aliyegundua kwamba rafiki yake wa miaka mingi amekuwa akimwibia.

Rahab ana umri wa miaka arobaini na saba, na sokoni Kibuye wote humwita Mama Wendy kwa jina la bintiye. Kibanda chake kimebanwa kati ya muuza mapazia ya mitumba na mafundi wa masanduku ya bati, ambao nyundo zao hazipumziki mpaka mtu azoee kuzungumza kwa kupayuka. Kwa miaka minane amekuwa akiwashonea viatu watu wenye ugonjwa wa kisukari, ambao Kisumu nzima inauita sukari tu.

Ugonjwa huu ukikaa mwilini kwa muda mrefu bila kudhibitiwa huingiza ganzi miguuni. Mtu anakanyaga kokoto, anatembea nayo kutwa, hana habari. Panatokea kidonda asichokisikia, kinaoza asisikie, na anapofika hospitalini mara nyingi kinachozungumzwa ni msumeno.

Kuna kosa moja ambalo Rahab anasema amelikuta kwa karibu kila mteja wake, awe mwalimu au mvuvi. Mguu ukishaingia ganzi, kiatu cha saizi halali huonekana kikubwa. Mwenyewe anahisi kinampwaya, kinataka kumtoka. Basi anachukua kidogo zaidi, hakisikii, anachukua kidogo zaidi tena, na kinapombana barabara ndipo anapotabasamu na kusema sasa amepata.

"Ile inawaumiza ndio wanapenda," asema Rahab. "Ndio maana mimi siulizi mtu kama kiatu imemtosha. Nikiuliza atanidanganya, na yeye mwenyewe hajui amenidanganya. Naamini katoni."

Mwandishi huyu, ambaye hana sukari na alikuwa akijivunia viatu vyake vipya, aliamriwa avue. Katoni yake ilijikunja pia. Muuza mapazia alicheka mpaka akaketi.

Somo hilo Rahab alilipata nyumbani. Baba yake, Ndirangu, alitoka Karatina akiwa kijana na kufungua kibanda hiki hiki miaka ya sabini. Alishona viatu kwa zaidi ya miaka arobaini, akajifunza Dholuo, lugha ya Waluo, mpaka akawa anatania kwayo kuliko wenyeji. Alipopata sukari uzeeni, mtu wa kwanza kupuuza miguu yake alikuwa yeye mwenyewe.

Siku moja Rahab, aliyekuwa akiuza nguo za watoto upande wa pili wa soko, alimletea chai akaona matone ya damu sakafuni. Ndirangu alikuwa ametembea siku mbili na msumari ndani ya kiatu alichokishona kwa mikono yake.

"Nilimvua kiatu nikaona msumari imesimama ndani ya nyama," anakumbuka. "Yeye ananiuliza, 'Nduta, unalia nini?' Fundi wa viatu! Mguu ulimdanganya yeye pia."

Mguu ulikatwa chini ya goti, na mwaka uliofuata Ndirangu akafariki. Rahab alifunga biashara ya nguo na kuhamia katika kibanda cha baba yake. Sindano alikuwa anaijua tangu utotoni. Wanaume walimcheka wiki mbili tatu, wakazoea.

Kiatu alichokibuni hakikuwa cha kutongoza mtu. Mbele ni kipana, vidole vilale bila kugusana. Ndani hakuna mshono hata mmoja. Soli ni ya tairi, isipenywe na msumari, na juu yake analaza sponji tabaka mbili, laini na ngumu kidogo. Kinafungwa kwa mkanda mpana unaolegezwa miguu ikivimba. Vijana wa sokoni walikitazama mara moja na kukiita bata, na jina likashika.

Ni hao bata waliomfikisha Dishon Wechuli kibandani. Wechuli ni muuguzi katika kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya umma mjini Kisumu, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye wagonjwa humwita daktari na amechoka kuwasahihisha. Miaka mitatu iliyopita alianza kuona wagonjwa wanne ambao nyayo zao zilikuwa safi mwezi baada ya mwezi. Wote wanne walivaa viatu vibaya vya aina moja.

"Nilidhani ni kanisa fulani," asema Wechuli. "Nikauliza, wakaniambia, 'Hapana daktari, ni Mama Wendy.'"

Wechuli alikuwa na sababu ya kufurahi. Anasema kliniki yake ilikuwa na wagonjwa mia tatu hivi alipoanza kazi, na sasa wanakaribia mia saba. Bima ya afya ya umma ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa matibabu yao, na mzigo huo unapanda kila robo mwaka. Kinachoupandisha zaidi hapo kwake si dawa. Ni miguu. Kwa hesabu ya kliniki, mgonjwa aliyekatwa mguu hulala wodini siku ishirini na tatu kwa wastani, na bili yake hupita shilingi laki moja na elfu themanini. Jozi ya viatu vya Rahab inauzwa shilingi elfu mbili na mia mbili.

"Kwa mguu mmoja uliokatwa ningewavika watu themanini," asema. "Lakini kwenye fomu ninazojaza, kukata mguu kuna mstari wake. Kiatu hakina. Kiatu ni nguo."

Alikwenda kwa wakubwa wake, akarudi, akaenda tena. Mwishowe hospitali ilikubali kununua jozi arobaini kwa majaribio ya mwaka mzima, kuanzia Machi mwaka jana, kwa wagonjwa arobaini waliokuwa hatarini zaidi. Mwaka uliotangulia, wagonjwa arobaini wa hali kama yao walikuwa wamepata vidonda kumi na vinne, na watatu walikatwa miguu. Masharti yalikuwa mepesi kueleza. Vikitokea vidonda vinne, majaribio yanasimama na viatu vinabaki nguo. Vikipungua hapo hadi mwaka uishe, hospitali itapeleka matokeo kwa maafisa wa bima na kuomba kiatu kihesabiwe kuwa tiba.

Vinne tu, kwa miguu themanini, kwa siku mia tatu na sitini na tano. Rahab alisaini bila kusita, kisha akarudi kibandani na kushindwa kula.

Aprili mzee mmoja aliota moto wa jiko akiwa amevua viatu, akaungua. Kikahesabiwa cha kwanza. Julai mama mmoja alipata lengelenge kisiginoni kwa sababu mkanda ulifungwa vibaya. Cha pili. Rahab alibadilisha mkanda kwenye jozi zote arobaini, bure.

Halafu ikaja Alhamisi ya pili ya Oktoba.

Benta Awuor ana miaka sitini na miwili. Anauza mboga Kisian kando ya barabara ya Busia na ni kiongozi wa akina mama kanisani kwake, mwenye kitambaa kilichopigwa pasi na kauli isiyorudiwa. Siku hiyo Wechuli alimvua kiatu na kukuta kidonda kibichi ubavuni mwa kidole kidogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi tano.

"Umekuwa ukivaa viatu vya kliniki?" Wechuli alimuuliza.

"Kila siku," Awuor alijibu.

Rahab aliitwa. Alifika mbio akihema, aproni bado iko kiunoni. Aliingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa, hakuona kitu. Akaomba kisu. Mbele ya benchi lililojaa wagonjwa alianza kukipasua kiatu chake mwenyewe, akitafuta mshono uliofumuka, gundi iliyokauka ikawa ngumu, msumari. Alitoa sponji, akaibonyeza kila mahali. Akaanza kupasua na cha pili.

"Nilikuwa namwona baba," asema. "Nilijua kuna kitu ndani. Nikasema ni mimi nimefanya mama ya watu hivi."

Awuor alivumilia mpaka kisu kilipofika kwenye soli.

"Nyathina, mwanangu, wacha kukata," alisema. "Hiyo kiatu haina makosa."

Awuor akaeleza, akitazama ukutani. Wiki moja nyuma walikuwa wamemzika baba wa mkwewe, mume wa binti yake, huko Asembo. Alikuwa amekwenda na msafara wa akina mama wa kanisa, nao walipangwa waingie bomani kwa heshima zote, watu wa upande wa binti wakiwatazama watu wa upande wa kijana na wao wakitazamwa.

"Sasa mimi, mama ya bibi arusi, niingie kwa wakwe na viatu ya bata?" alisema. "Nilitoa zile nyeusi zangu nilinunua siku ya harusi. Nilizivaa kutoka asubuhi mpaka jioni. Hazikuniuma hata kidogo, Nyasaye Mungu ndiye anajua."

Hapakuwa na aliyecheka. Wengi waliokuwa kwenye lile benchi walikuwa na jozi nyeusi mahali fulani nyumbani.

Wechuli alichukua kalamu na kuanza kuufuta mstari aliokuwa ameuandalia kidonda cha tatu. Kama mgonjwa hakuvaa kiatu, kidonda si cha kiatu. Ilikuwa haki, na mtu yeyote angeshukuru Mungu na kwenda nyumbani.

"Usifute," Rahab alisema.

"Mama Wendy, hiki si chako. Amesema mwenyewe."

"Ni changu. Kama kiatu yangu inamtia mtu aibu kwa wakwe, hiyo ni makosa ya fundi. Andika."

"Ukiandikiwa cha tatu, unabaki na kimoja tu. Na Desemba inakuja."

"Andika, Dishon."

Akaandika. Hata leo, akisimulia, Wechuli hutikisa kichwa. "Nilimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Baadaye nikaelewa kwamba ndiye peke yake aliyekuwa timamu mle ndani. Sisi tulikuwa tunahesabu vidonda. Yeye alikuwa anahesabu watu watakaoficha viatu."

Desemba ndiyo ilikuwa tishio. Ni mwezi ambao watu wanarudi makwao, kuna harusi, kuna mahari, kuna mazishi yaliyosubiri jamaa walio mbali, kuna Krismasi. Watu thelathini na tisa wengine walikuwa na mahali pa kwenda wakiwa wamependeza.

Wiki mbili zilizofuata Rahab hakushughulika na kitu kingine ila kubuni bata anayefaa kwenda kwa wakwe. Alihitaji ngozi nyeusi, nyembamba, laini kama kitambaa, na dukani ilikuwa ghali mno. Aliipata hatua mia mbili kutoka kibandani kwake, kwenye marundo ya mitumba. Yalikuwa makoti ya ngozi.

"Nani atavaa koti ya ngozi na hii joto ya Kisumu?" asema akicheka. "Zinakuja kwa mizigo, zinakaa mwaka mzima. Wenye nazo walifurahi kuniona, hata wakanisaidia kubeba."

Koti moja hutoa jozi mbili, na mgongo wake hauna mshono. Halafu akabuni ujanja ambao anauonea fahari kuliko yote. Mbele ya kiatu kipana alipitisha mstari wa uzi juu kwa juu, umechongoka kama ncha ya kiatu cha harusini, na nje ya mstari huo akapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Ukikitazama umesimama, jicho linafuata mstari. Unaona kiatu chembamba cha heshima. Vidole ndani vimelala kwa raha zao, havina habari.

Alishona jozi arobaini nyeusi kabla ya Krismasi, kwa pesa yake. Alikuwa ameweka shilingi elfu arobaini na tano za kununua cherehani ya ngozi. Zote zilikwenda kwa makoti, soli na uzi, na kazi ya cherehani ikafanywa na vidole vyake.

Jozi ya kwanza alimpelekea Awuor mwenyewe huko Kisian. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga, akisafishwa kila baada ya siku moja, na siku alipoambiwa anaweza kuvaa kiatu, Rahab alikuwepo. Awuor aliviangalia viatu kwa mbali, akavisogelea, akaingiza mkono ndani kwanza kama alivyofundishwa, kisha akavaa na kwenda hadi barabarani na kurudi.

"Ni nani alikuambia mimi napenda ncha?" aliuliza.

"Niliona zile zako za harusi nilipokuja kukuangalia kidonda."

"Aa. Basi umeona vizuri."

Krismasi hiyo Awuor alisimama mbele ya kanisa na kuimba. Anasema akina mama wawili wasio na sukari walimfuata baada ya ibada kuuliza alinunua wapi.

Desemba ikapita. Januari ikapita. Rahab alikuwa akishtuka kila simu ikilia siku ya Alhamisi, siku ya kliniki. Februari mgonjwa mmoja alifika na alama nyekundu kwenye unyayo, na Wechuli akaichunguza muda mrefu kwa tochi kabla ya kusema ni rangi ya soksi iliyochuja. Rahab alicheka, halafu akatoka nje akalia.

Machi mwaka huu hesabu ilisomwa katika chumba cha mikutano cha hospitali. Wagonjwa walikuwa wamekaa, wakubwa wa hospitali wamekaa, na maafisa wawili wa bima wamekaa mbele na mafaili yao. Wechuli alisoma kwa sauti yake ile ile ya upole. Mwaka uliotangulia, vidonda kumi na vinne, miguu mitatu ilikatwa. Mwaka wa viatu, vidonda vitatu, vyote vimepona.

"Miguu iliyokatwa," alisoma, "hakuna."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika hadi kwenye geti. Awuor ndiye aliyevianzisha, na ndiye aliyesimama kucheza kwanza, na ndani ya dakika moja watu wazima wenye miguu ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa ikihesabiwa kwa wasiwasi walikuwa wakikanyaga sakafu ya serikali kwa nguvu zao zote. Afisa mmoja wa bima alijaribu kuendelea na ajenda, akaona haiwezekani, akaanza kupiga makofi.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Kuanzia Julai, bima ingelipia viatu vya Rahab kwa wagonjwa mia mbili, kwa mwaka mmoja wa kwanza, vikiandikwa na kliniki kama inavyoandikwa dawa. Rahab aliisoma akiwa amesimama kibandani, akampa muuza mapazia amsomee tena kwa sababu macho yake hakuyaamini. Muuza mapazia alisoma kwa kupayuka. Kwa mara ya kwanza, wanasema, nyundo za masanduku zilinyamaza.

Sasa ana cherehani, na wanawake wawili anaowafundisha kazi. Shantel, mdogo wao, alipoulizwa amejifunza nini mpaka sasa, alijibu, "Kunyamaza na kuangalia katoni." Kabla ya haya yote, Rahab anasema, alikuwa akipata shilingi mia nne au mia sita kwa siku, siku ikiwa nzuri. Hesabu za sasa hataki kuzitaja, ila ada ya chuo ya Wendy imelipwa mpaka mwisho wa mwaka.

Saa sita mchana mzee wa Maseno anaondoka akiwa amevaa malapa ya kuazima. Viatu vyake vinavyong'aa amevibeba mkononi, na amepewa siku ya kurudi. Rahab anainuka, anajipangusa magoti, kisha anavuta droo ndefu iliyo chini ya meza.

Ndani mna viatu sita vipya. Kila kimoja kiko peke yake, hakina mwenzake. Ni vya watu waliokuwa wamekatwa mguu mmoja kabla hawajamjua. Anawashonea kimoja, kwa nusu ya bei, maana mguu uliobaki sasa unafanya kazi ya miwili. Anasema miaka minne iliyopita droo hii haikuwa ikifungika. Mwaka huu, katika wagonjwa wa kliniki ya Wechuli, hajapata agizo jipya hata moja la namna hiyo.

Anaulizwa anatarajia nini mbele. Anakigeuza kiatu kimoja mkononi, cha kushoto, cheusi, chenye ncha ya harusini.

"Hizi nitamaliza, wenyewe wananingoja," anasema. "Lakini nataka nizeeke nikishona jozi. Jozi tu."

Anakirudisha kiatu mahali pake na kuifunga droo kwa goti. Kwenye kigoda, mteja anayefuata ameshaanza kukunja suruali.